Tangazo la Ijumaa ya Mwisho wa Aprili

Theluji imeanza kutapika ilichomeza.
Jumatatu, nyuma ya bembea, imetoa glavu tatu;
Jumanne kumi na moja, na buti moja la mpira,
na mkate wa jibini wa Desemba, bado una umbo la pembetatu.
Rosaire, fundi wetu, anazianika kwenye kamba kando ya tanuri,
mkono kwa mkono, zimenyooka
kama darasa linalotaka kujibu swali.

Mimi ni karani. Nina ukurasa mmoja, pande mbili,
na mashine ya kunakili inayokohoa kila ikivuta karatasi ya kijani.

Naandika: Wazazi, tope limefika.
Watieni watoto mabuti, na viatu vikavu mkobani.
Siandiki kwamba Corbin wa darasa la pili
aliingia hesabu na buti moja na soksi moja,
akasema lile lingine linakuja,
limechelewa tu.

Naandika: Barafu ya mto imekatika Jumatano,
saa tano na dakika kumi na saba asubuhi.
Mshindi wa kubahatisha ni Annick Daigle, darasa la nne.
Siandiki ule mlio,
kabati zima la vyombo likiporomoka ngazini,
wala darasa la sita lilivyokimbilia madirishani,
mwalimu wao akiwa wa kwanza;
na ng'ambo, upande wa Kanada,
shule nyingine imejaa madirishani vilevile.
Tukapungiana.
Hakuna aliyetufundisha ni nani aanze.

Naandika: Darasa la tano limegema mepo kumi na mbili.
Ndoo arobaini za maji ya mti zimechemka siku mbili,
imebaki ndoo moja ya asali.
(Wahenga walianza na haba wakajaza kibaba.
Huku kwetu Maine tulianza na kibaba,
tukakesha, tukapuliza moto,
tukabaki na haba. Lakini ilambe.)
Jumamosi Bi. Lucille atapika chapati za maji.
Kiingilio ni chochote ulicho nacho.

Darasa la nane, wote saba, wana mchezo wa kuigiza mwezi Juni.
Wanaomba kuazima ngazi na ndevu mbili.

Naandika: Uandikishaji wa chekechea unaendelea.
Hadi leo wamefika wanne.
Naifuta ile nne. Naandika "kadhaa".
Naifuta "kadhaa". Nne ni nne.

Kikao cha bajeti ni Jumanne, saa moja usiku, ukumbi wa mazoezi.
Viti ni vya watoto; tusameheane magoti.
Neno "kufunga" siliandiki.
Halihitaji karatasi yangu, linatembea lenyewe:
liko posta, liko kwa kinyozi,
jana lilikaa nami kwenye gari hadi nyumbani.
Na Rosaire, ambaye hakutumwa na mtu,
anapaka milango ya vyoo rangi ya buluu
ambayo kopo linasema itadumu miaka kumi.

Mwisho, Vilivyookotwa:
glavu thelathini na mbili, kofia tano,
jino moja ndani ya kijisanduku (mwenyewe anajijua).
Glavu nyekundu ya kushoto
imeshonwa jina kwa uzi mweupe: Elodie.
Aliondoka Januari, wiki ile kiwanda cha mbao kilipozima taa;
baba yake alipata kazi Manitoba.
Alipanda gari mkono mmoja mfukoni.
Nilidhani ni kiburi cha miaka tisa.

Nimechapa nakala sitini na nne.
Watoto ni sitini na tatu; nimewahesabu mara mbili.
Nakala ya mwisho naikunja mara nne,
naisukuma ndani ya glavu, kidole kwa kidole,
mpaka inatuna kama imevaliwa.
Posta inafungwa saa kumi.
Nje, mtoto fulani anaita lile buti lake kwa jina.